Mbio za pikipiki zenye kigari cha ubavuni: je, kijana wa Masasi anaweza kuzifanya kazi ya maisha?

FundiMasasi ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika langu nawasalimu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Masasi, nina miaka 26, na kila msimu wa korosho unapofika huwa namwachia mwenzangu kibanda cha ufundi ili niendeshe guta langu, nikisomba magunia kutoka mashambani hadi kwenye ghala la chama cha msingi. Utingo wangu ni mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye tangu yuko darasa la sita amezoea kupanda nyuma ya chombo chochote ninachokiendesha.

Mwezi uliopita mteja mmoja alinionyesha kwenye simu mashindano ambayo sikuwahi kuyaona. Ni motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta, mashimo na kona kali, ila pikipiki zenyewe zina kigari cha ubavuni chenye gurudumu la tatu. Juu ya kigari hicho amesimama mtu wa pili asiye na kiti wala usukani, ameshika bomba la chuma tu, na kila kona inapofika anajitupa nje hadi mgongo wake unakaribia kugusa ardhi, kisha anarudi ndani na kuhamia upande wa pili kabla kona nyingine haijafika. Nimeitazama video hiyo usiku baada ya usiku. Naona kwamba kazi ninayoifanya kila msimu kwenye mchanga wa huku kwetu si tofauti sana na ile, isipokuwa wao hawana mzigo wa magunia.

Naomba kuelezwa na anayeujua mchezo huu. Dereva wa mbio hizi anaanzaje, anaishi kwa kipato gani, na anadumu miaka mingapi? Baba amenigawia sehemu yangu ya fedha za korosho za msimu huu na kuniambia niamue mwenyewe, ama ninunue guta la pili, ama nifanye jambo jingine lenye maana. Nataka niamue nikiwa na maarifa, si kwa kusisimkwa na video.

GutaTandahimba amejibu:

Kaka, nimesoma swali lako na nimeona nikujibu kwa lile ninalolijua, kwa kuwa mbio zenyewe sijawahi kuziona kwa macho. Nimeendesha guta huku Tandahimba kwa miaka minane, na katika barabara zetu za mchanga nimebadilisha matingo sita. Guta ni lile lile, injini ni ile ile ya CC 200, lakini mwendo wangu ulikuwa ukibadilika kila nilipobadilisha mtu wa nyuma. Nilikuwa na kijana mmoja ambaye mchanga ulipokuwa mzito alisogea nyuma bila kuambiwa ili tairi zipate kushika, na kwenye kona alikuwa upande wa ndani kabla sijaanza kukata usukani. Alipoondoka kwenda Dar es Salaam, nilipindua chombo mara mbili katika mwezi mmoja, mahali ambapo nilikuwa nikipita kila siku.

Kwa hiyo, kabla hujauliza dereva anaanzaje, ningependa wanaojua watueleze kuhusu huyo mtu wa pili, kwa sababu nahisi ndiye anayeubeba mchezo huo.

MzeeMikindani amejibu:

Marahaba mwanangu. Nami namshukuru huyu wa Tandahimba kwa kuwa amegusa kiini cha jambo.

Nilikaa Uholanzi miaka 11 nikifanya kazi ya kuchomelea vyuma, na mwajiri wangu alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa akishindana katika mbio hizi. Kwa sababu hiyo Jumapili zangu nyingi zilikwisha kando ya njia za mbio, nikiwa na mashine ya kuchomelea nyuma ya gari, nikisubiri fremu ikatike. Kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona na niliyoyashika kwa mikono yangu.

Mbio hizi ni za Ulaya. Mashindano ya kimataifa yalianza mwaka 1971, na mwaka 1980 yakapewa hadhi ya ubingwa wa dunia chini ya FIM, shirikisho la mbio za pikipiki duniani, ambalo makao yake yako Mies, Uswisi. Mabingwa wa kwanza walikuwa Wajerumani wawili, Reinhard Böhler na Siegfried Müller. Zingatia kwamba nimesema wawili. Katika orodha za ubingwa wa mchezo huu jina la dereva haliandikwi peke yake; yanaandikwa majina mawili, kwa sababu ubingwa ni wa chombo chenye watu wawili. Huku kwetu mtu akiona ametajwa dereva na abiria atadhani abiria amepewa lifti. Neno abiria halifai hata kidogo hapa. Nitatumia neno lako, mwanangu, la utingo, kwa kuwa utingo anafanya kazi na anaweza kukiokoa chombo au kukiangusha.

Kazi yake ni hii. Chombo kinaendeshwa na gurudumu la nyuma la pikipiki peke yake. Gurudumu la kigari linazunguka tu, halisukumwi na injini. Hivyo pikipiki ina upande mmoja wenye gurudumu la ziada na upande mwingine mtupu. Kona ikielekea upande wa kigari, gurudumu la kigari hutaka kunyanyuka, na utingo lazima ajitoe nje juu yake alikandamize kwa uzito wake. Kona ikielekea upande mtupu, lazima avuke nyuma ya dereva na kujilaza juu ya gurudumu la nyuma, kwa sababu huko hakuna kitu kingine cha kuzuia chombo kisipinduke. Njia ikinyooka na udongo ukiwa laini, anarudi nyuma ili tairi inayosukuma isizunguke bure, kama alivyofanya yule kijana wa Tandahimba. Chombo kikiruka tuta, yeye ndiye anayekiweka sawa hewani ili magurudumu yote matatu yatue kwa mpangilio unaotakiwa. Haya yote hayafanyiki kwa kuelekezana kwa maneno, maana injini inanguruma na wote wawili wamevaa kofia ngumu. Utingo anayesubiri kuona dereva anafanya nini amekwisha kuchelewa. Lazima aisome njia kama dereva anavyoisoma.

Sasa kuhusu maisha ya kazi yenyewe. Bingwa mkubwa kuliko wote ni Daniël Willemsen wa Uholanzi, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 10, wa kwanza mwaka 1999 na wa mwisho 2012. Ubingwa wake wa kwanza aliupata akiwa na ndugu yake Marcel kwenye kigari, lakini baadaye aliupata na matingo wengine, akiwamo Sven Verbrugge wa Ubelgiji na Reto Grütter wa Uswisi. Kristers Serģis wa Latvia aliutwaa mara 5, na jina linaloambatana naye ni la Artis Rasmanis. Tena yapo mambo ya upande wa pili ambayo wengi hawayatazami: Ben van den Bogaart, ambaye ni utingo, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2013 akiwa na dereva Ben Adriaenssen, kisha akawa bingwa tena mwaka 2018 akiwa na dereva mwingine kabisa, Marvin Vanluchene. Utingo aliye bora anatafutwa na madereva. Anaweza kuvuka mpaka wa nchi na kupanda chombo cha mtu mwingine, na mwaka 2009 ndivyo ilivyokuwa, kwani Joris Hendrickx wa Ubelgiji alishinda akiwa na Kaspars Liepiņš kutoka Latvia.

Nimeitaja Latvia mara mbili kwa makusudi. Ile nchi ina watu wasiofika milioni 2, ilhali mikoa yetu ya Mtwara na Lindi kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 2.8. Wao hawatuzidi kwa wingi wala kwa ujasiri. Wanatuzidi kwa kuwa wana vilabu, njia za mbio kama ile ya Ķegums, mafundi wanaoijua kazi hii, na watoto wanaokua wakiona baba zao wakishindana. Hilo ndilo linalokosekana huku, na fedha za korosho za mtu mmoja hazitalinunua.

Kuhusu kipato sitakuficha. Wengi wa wale niliowaona walikuwa mafundi magari, wakulima, wachomeleaji na maseremala. Jumatatu hadi Ijumaa walikuwa kazini, jioni wakitengeneza chombo, na Ijumaa usiku walikuwa barabarani kuelekea Ujerumani, Ufaransa au Ubelgiji. Hakuna mshahara unaolipwa na mchezo. Wapo wadhamini, na wengi wao ni wenye gereji, maduka ya vipuri na kampuni ndogo za kijijini kwao, ambao hutoa matairi, mafuta au fedha za safari, na kwa kurudishiwa wanapata jina lao kubandikwa ubavuni. Hata walio juu kabisa sikuwaona wakitajirika. Wanaufanya mchezo huu kwa miaka 10, 15, wengine zaidi, na wanapoacha hurudi kwenye kazi ileile waliyokuwa nayo.

Chombo chenyewe si pikipiki ya dukani iliyoongezewa kigari. Fremu hutengenezwa na karakana za mchezo huu, na majina utakayoyasikia sana ni WSP na VMC. Miaka ya zamani Wasp ya Uingereza ilitamba. Injini ya Zabel kutoka Ujerumani, ya stroku mbili na ukubwa wa karibu CC 700, ndiyo iliyokuwa ikisikika zaidi. Guta lako lina CC 200 pengine. Na tazama sehemu ya mbele. Shokapu za mbele za pikipiki ya kawaida, zile mbili zinazoingia ndani ya mirija, hazihimili msukumo wa pembeni unaoletwa na kigari, kwa sababu pikipiki ya magurudumu mawili hulala kwenye kona, lakini hii hailali, na nguvu yote ya kona hupita ubavuni. Kwa hiyo wao hutumia mkono wa chuma unaobembea, wenye shokapu zake, uliobebwa na fremu ya pembetatu. Ninakueleza hili wewe fundi kwa sababu najua wazo lililo kichwani mwako: kuchukua Boxer, kuichomelea kigari, na kuijaribu kwenye mchanga. Usifanye hivyo kwa mwendo wa mbio. Chuma kitapinda mahali ulipochomelea, na kitapinda mkiwa hewani.

MuuguziLindi amejibu:

Ndugu zangu, naomba niongeze upande wa mwili, maana ndiyo kazi yangu hapa Lindi. Nimewahudumia vijana wengi wa bodaboda walioanguka, na kuna majeraha mawili ninayoyaona yakijirudia kwa wanaopanda nyuma: kiganja kilichovunjika kwa kutua na mkono uliokunjuliwa, na goti lililopinda kwa ndani kwa sababu mguu ulibaki umenasa mwili ukiwa umekwisha kutoka. Kwa maelezo ya mzee, utingo wa mbio hizi anaweka mikono na magoti yake katika hatari hiyohiyo kila kona, na katika siku moja ya mashindano wanaingia mbio mara mbili, kila mara kwa takriban nusu saa bila kukaa. Uchovu wa viganja ndio wa kwanza kufika. Mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi hajui kwamba ameachia mpaka aone amekwisha kuanguka.

Mdogo wako aanze na mwili kabla ya chombo: kuning'inia kwenye bomba kwa muda, kuchuchumaa na kuinuka na uzito mabegani, kuimarisha shingo. Na tafadhali, kaka, hata hilo guta la magunia, je, anavaa kofia ngumu? Ninauliza kwa uchungu, kwa sababu wengi ninaowapokea hawakuwa nayo, na familia zao huniambia kwamba safari ilikuwa fupi.

FundiMasasi amejibu:

Asanteni sana. Mzee, maelezo yako nimeyasoma mara tatu, na nakiri kwamba mara ya kwanza yaliniumiza. Nilikuwa nimejiona mimi kwenye usukani. Sikuwa nimemfikiria mdogo wangu ila kama mtu wa kuniongezea uzito.

Nimekaa nikakumbuka jambo la mwaka jana. Tulikuwa tunashuka mteremko kutoka Newala kuja huku, tukiwa na magunia 9, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na udongo umekuwa utelezi. Kwenye kona moja tairi ya nyuma ya kulia ilianza kunyanyuka. Niliihisi kwenye usukani, ambao ghafla ulikuwa mwepesi, na nikajua kwamba nimekwisha. Kabla sijafanya lolote ukarudi kuwa mzito. Nilipogeuka nikamwona mdogo wangu ananing'inia nje upande wa kulia, ameshika kamba ya turubai kwa mkono mmoja, miguu yake iko kwenye ukingo wa bodi na nywele zake zinagusa nyasi za kando. Tulipofika chini nilimgombeza kwa kucheza. Yeye hakunijibu chochote, alirudi juu ya magunia akafunga kamba upya. Nimekuwa nikilisimulia tukio hilo mwaka mzima kama nilivyolidhibiti mimi.

Muuguzi, hapana, alikuwa hana kofia. Nimenunua mbili jana.

Sasa naomba niulize upya, mzee wangu. Kama kuna njia yoyote, je, ni njia yake na si yangu?

MzeeMikindani amejibu:

Mwanangu, umeniambia jambo zito na nimekuheshimu kwa kulisema hadharani.

Ndiyo, nadhani ni yake zaidi kuliko yako, na sababu ni ya kiuchumi kama ilivyo ya kipaji. Dereva ndiye mwenye chombo. Ndiye anayenunua fremu, injini, matairi na gari la kubebea, na gharama hizo zinamlemea hata Mholanzi mwenye kazi nzuri. Utingo anakuja na kofia, viatu, kinga za mwili na uwezo wake. Kijana wa Masasi hawezi kumshinda kijana wa Ulaya kwa kununua mashine, lakini anaweza kufika mahali ambapo dereva anamhitaji. Hata hivyo si jambo la mwaka huu. Anahitaji kwanza kushindana mahali panapotambulika, na leseni ya mbio za kimataifa hupatikana kupitia chama cha taifa kilicho mwanachama wa FIM. Motokrosi ya kawaida ipo kwa majirani zetu Kenya na Uganda, japo haina kigari, na kijana akiijua njia ya motokrosi kutoka kwenye usukani wa pikipiki moja atakuwa utingo bora maradufu, kwa kuwa ataisoma njia kama dereva. Mpango ninaouona mimi ni wa miaka mitano, na unaweza kuishia Kampala bila kufika Ulaya.

Na wewe una nafasi yako. Timu hizi zina njaa ya mafundi wanaoweza kuchomelea mrija mwembamba bila kuuchoma tundu, kisha wakalala chini ya gari na kuamka alfajiri. Mimi niliingia kwenye mchezo huu kwa mlango huo na sikuwahi kupanda chombo hata mara moja.

Kuhusu fedha za baba yako, nunua guta la pili. Lipate dereva mwingine, na kipato chake ndicho kilipe mafunzo ya mdogo wako.

GutaTandahimba amejibu:

Naunga mkono hilo la guta. Kaka, ukilinunua nitafute, kuna kijana mwaminifu huku anayetafuta chombo cha kuendesha kwa hesabu ya wiki, na mimi namdhamini.

MdogoWaFundi amejibu:

Shikamoo mzee. Mimi ndiye mdogo wake, na kaka amenipa simu ili niandike mwenyewe. Sina maneno mengi. Nimeitazama video ile na kuna kitu kimoja sikioni vizuri, kwa sababu kinapita haraka. Utingo anapovuka kutoka kwenye kigari kwenda upande wa pili, nyuma ya mgongo wa dereva, anaachia mkono upi kwanza? Mimi kwenye guta huwa naachia wa nje, lakini naona kama wao wanaachia wa ndani. Na chombo kikiwa hewani, magoti yanakuwa yamekunjwa au yamenyooka?

MzeeMikindani amejibu:

Marahaba mjukuu wangu. Magoti yamekunjwa, na yanabaki hivyo hadi baada ya kutua, kwa kuwa huna kiti na miguu yako ndiyo springi yako. Kuhusu mikono, inategemea vyuma vya kushika vimechomelewa wapi, maana kila utingo hupangiwa vyake kwa urefu wa mikono yake, lakini niliowatazama mimi hawakuachia mkono mmoja mpaka wa pili uwe umekwisha kushika. Jambo hili halielezeki kwa maandishi. Hapa uani kwangu Mikindani nina mabomba ya inchi moja na robo na mbao nene za kutosha. Jumamosi njooni nyote wawili, tutaunda jukwaa lenye ukubwa wa kigari, tutachomelea vishikio pande mbili, na kaka yako atakaa mbele kama dereva ili upate mgongo wa kuvuka. Halitatembea, limesimama tu chini ya mwembe. Uje na viatu vya kufunga kamba, na kofia mojawapo kati ya zile mbili.